Kurumbiza Kwenye Mkungu wa Jirani

Mtu akiniuliza kwa nini wanawake wa mtaa mzima waliwahi kunikimbia, humjibu kwamba ni kwa sababu ya ndege. Hadi leo wako wasioamini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya msingi Bondeni, kijana wa miaka ishirini na saba, sijaoa, naishi na mama yangu katika nyumba ya ghorofa mbili Mji wa Kale. Vijana wenzangu walikuwa na maradhi yao: mpira, karata, kanda za video. Mimi nilishikwa na ndege. Ugonjwa huo niliupata katika kitabu kikuukuu kisicho na jalada, nilichokinunua kando ya barabara, chenye picha za ndege na maelezo ya Kiingereza. Humo nilisoma kwamba kila mwaka, Machi na Aprili, kabla masika hayajakolea, ndege wadogo waliokuja kwetu kukimbia baridi hurudi kwao kaskazini kwenda kutaga, na wengi wao hupitia pwani. Nikaduwaa. Miaka yote hiyo wageni wanapita juu ya vichwa vyetu, na sisi, watu tunaojisifu kwa ukarimu, hata majina hatujawapa!

Kwetu, ndege mweusi ni kunguru, wa kahawia ni shore, na aliyebaki ni kidege. Mbayuwayu twamjua, kwa kuwa huwezi kukaa ufukweni Mama Ngina jioni ukila mihogo ya kukaanga asikupitie karibu na pua. Lakini yule wa kijivu anayekaa juu ya waya, akaruka akadaka mdudu, akarudi palepale kama karani anayeogopa kupokonywa kiti, ni nani? Nilimuuliza mama. "Kidege," akasema. Nilimuuliza muuza kahawa, ambaye hushinda nje siku nzima. "Kidege." Nikamsaka kitabuni siku tatu mpaka nikampata, nikatoka mbio hadi barazani kuwaambia wenzangu kwamba yule ametoka Ulaya. Mmoja wao akamtazama kwa muda, akasema, "Masikini, na amekuja bila sanduku." Tangu siku hiyo wakaniita Kadhi wa Ndege, kwa kuwa hakupita ndege mtaani nisimhukumu.

Kadhi alikuwa na darubini moja, aliyoipata kwa baharia kwa kubadilishana na redio. Kioo chake cha kulia kilikuwa na mkwaruzo, na mkwaruzo huo ulinidhalilisha vya kutosha. Ndege niliyemtaka mimi ni kurumbiza. Kurumbiza wetu wa pwani ni wa manjano, kichwa cheusi tii. Kitabu kilisema yuko mwingine, mpita njia, wa manjano mpaka kichwani, mabawa meusi, na mstari mweusi kutoka mdomoni hadi jichoni, kama aliyetiwa wanja. Mwaka wa kwanza niliandika daftarini kwamba nimewaona ndege kumi na mmoja wenye wanja. Nilipoona hata njiwa ana wanja, na mama aliyekuwa akichambua mchele uani naye ana wanja wa jicho moja, ndipo nikaigeuza darubini nikaitazama yenyewe.

Sasa lazima nieleze desturi ya dari zetu. Nyumba za Mji wa Kale zimebanana, na juu kabisa huwa na sakafu ya wazi inayotazamana na ya jirani. Huko ndiko wanawake huanika nguo, husukana, huachia nywele zipate upepo. Mwanamume akitaka kupanda, hata kama ni darini kwake mwenyewe, hupaza sauti ngazini, "Hodi juu! Napanda!" kisha akangoja wa kujifunika wajifunike. Mtoto wa mtaa ule hulijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Shida ni kwamba ndege naye ana masikio. Kila nilipopiga hodi, niliyemfuata aliondoka kabla mwanamke yeyote hajagusa mtandio wake. Nikajiambia, nani atakuwa darini saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Nikaanza kupanda kimya, miguu mitupu.

Na mti niliokuwa nikiulenga ni mkungu uliomea uani kwa jirani wa ng'ambo ya kichochoro, ukapanda hadi ukapita dari yao. Nyumba hiyo ndiyo wazee wangu walikuwa wameipelekea posa wiki moja kabla.

Binti wa nyumba ile tulisoma naye chuo cha Kurani tukiwa wadogo, yeye akihifadhi na mimi nikichapwa. Alipokua zikabaki salamu za njiani, yeye yuko na mamake, mimi nimesahau nilikuwa naenda wapi. Nilimtaka. Nilimtaka kwa miaka minne kabla sijapata ujasiri wa kumwambia shangazi yangu, ambaye ndiye aliyeongoza msafara wa posa. Wakapewa kahawa na halua, na jibu la desturi: "Tupeni muda tuulizane." Basi wao wakawa wanaulizana habari za tabia yangu, na muda huohuo mimi niko darini, sijapiga hodi, nimeelekeza darubini kwao.

Asubuhi moja niliona manjano kati ya majani ya mkungu. Nikazungusha kioo polepole, manjano yakakaribia, yakajitokeza vizuri, yakawa na maua na maandishi. Ilikuwa leso inaanikwa. Nyuma ya leso palikuwa na uso wa bibi yake yule binti, kichwa wazi, nywele zimepakwa hina, amenikazia macho. Kwa ule mkwaruzo, naye alikuwa na wanja.

"Ewe! Wachungulia nini huko?"

"Ndege, bibi," nikasema.

Katika majibu yote yaliyowahi kutolewa na mwanamume katika hali ile, sidhani lilikuwapo la kweli zaidi, wala lililoaminika kidogo kuliko hilo.

Kufika adhuhuri habari zilikuwa zimenifuata shuleni, na zilipofika huko nilikuwa tayari nimechungulia nyumba tatu. Walimu wa kike wakahamisha viti. Nyumbani mama alinipokea mlangoni. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Wewe wataka cha juu ya mti wa watu, na sote utatuangusha." Shangazi alikaa akijipepea kwa kipepeo cha mkaa, hanitazami. Maneno ya mtaa ningeyavumilia. Nisiloweza kuvumilia ni kwamba na yule binti kule ng'ambo, nyuma ya dirisha, huenda akaamini mimi ni mtu wa namna hiyo. Niliona aibu iliyoninyima chakula.

Siku ya pili, baada ya alasiri, babake yule binti alikuja. Alikuwa na duka la vyuma Bondeni, mtu wa misumari na bawaba, asiyepokea kitu mpaka akigonge kwanza asikie mlio wake. Nikambusu mkono.

"Karibu, ami."

"Huyo ndege," akasema, bado amesimama, "yuwapi? Nataka kumwona kwa mato yangu."

Tulipofika ngazini akapiga hodi yeye mwenyewe. Alikuwa na sauti iliyozoea kuita makuli kutoka upande wa pili wa barabara. "Hodi juuu! Twapanda!" Njiwa wa msikiti wa jirani wakaruka wote kwa pamoja. Akapiga mara ya pili kwa kuhakikisha. Sidhani kama kulibaki ndege kisiwani.

Tuliketi juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa. Baada ya muda akaja kunguru.

"Ndiye huyu?"

"Siye, ami. Huyo ni kunguru."

"Kunguru namjua," akasema.

Tukangoja. Yule kidege wa kijivu akatua kwenye antena ya televisheni, nami kwa tamaa ya kuwa na chochote cha kuonyesha, nikamwambia kwamba huyo naye ni mgeni, ametoka Ulaya, na karibu atarudi. Akamtazama kwa darubini. Akaishusha, akamtazama bila darubini.

"Ulaya?" akasema. "Na rangi hiyo?"

Nikaanza kumweleza kurumbiza: kichwa, mabawa, mstari wa jicho, tofauti yake na wa kwetu. Nilieleza kama mwanafunzi asiyejua jibu anavyojaza karatasi. Yeye alisikiliza kwa adabu, ameweka mikono juu ya magoti, na mkungu ulikuwa mtupu mbele yetu. Mwishowe akaniuliza, "Na kwa nini hukupiga hodi?"

Nikamwambia kweli. "Niliogopa kumkimbiza ndege, ami."

"Ndege ulimfikiria," akasema. "Na watu je?"

Aliposhuka akasimama mlangoni akivaa makubadhi. "Ndege sikumwona," akasema. "Nitamuuliza binti mwenyewe, kisha mtapata jibu lenu."

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu barabara. Binti wa kwetu akiulizwa habari ya posa, kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Haya humzuia kusema ndiyo. Anayefumbua mdomo huwa anakataa. Kwa hiyo siku mbili zile mama aliomba jambo moja tu kila baada ya sala, kwamba mtoto wa watu apewe kimya.

Shangazi alikwenda kuchukua jibu Ijumaa. Aliporudi akavua baibui, akalikunja, akaomba maji. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba na sinia mkononi.

"Amenyamaza?"

"Hakunyamaza," shangazi akasema. "Amesema."

Mama akaketi kitandani na sinia lake. Nikawaza nihamie shule ya bara, mahali pasipo na dari wala mkungu, na nikaona wazi kwamba nimempoteza kwa upumbavu wangu mwenyewe.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Babake alimwambia, 'Kijana adai alikuwa akitazama ndege, nami nimekwenda sikumwona, wewe wajua nini?' Akainamisha kichwa, akasema, 'Ndege yupo, baba. Huja mkunguni kukipambazuka, huondoka jua likishika ukuta. Ni wa manjano mpaka kichwani, mabawa meusi, na ana mstari mweusi wa kwenda jichoni. Wa kwetu ana kichwa cheusi. Huyu siye. Na mwaka jana pia alipita.'"

"Mpaka kichwani?" nikasema. "Ameuona mstari kwa macho matupu?"

"Nyamaza wewe!" mama akafoka. Kisha akamgeukia shangazi, sauti imeshuka. "Na posa? Hakuulizwa posa?"

"Aliulizwa. Babake alimuuliza mara tatu."

"Akasemaje?"

Shangazi akayanywa maji yote, akaiweka bilauri chini.

"Kimya," akasema.