Baiskeli ya Wiki Ijayo

Naona haya kuisimulia hii, lakini Seif keshaitangaza Peckham nzima, bora muisikie kwa mwenyewe aliyeaibika.

Mimi mnanijua, mtu wa ndani. Nikirudi kazini hapa Stratford, London, navaa kikoi, nateleka chai, basi tena, wa kunitoa hajazaliwa. Sasa siku moja Seif (tumesoma skuli moja Unguja, tukaja huku pamoja) akanipigia simu: "Jumamosi Rukia wangu anahitimu chuo, na safari hii usinambie wiki ijayo!" Nikasema mashaallah, mtoto kamaliza msahafu, maana kwetu sisi chuo ni cha Kurani, na Rukia kwa hesabu yangu alikuwa na miaka saba, minane akizidi, juzi tu nilimwahidi baiskeli, nikamwambia nitamletea wiki ijayo.

Nikainunua. Ya waridi, ina kengele, na vile vigurudumu viwili vya kumzuia mtoto asianguke. Nikapanda nayo treni, kisha basi, watu wananitabasamia, nami najiona ami wa maana.

Nikaingia ukumbini kwenye sherehe yao naisukuma, vigurudumu vinalia kwii kwii, watu wote wakageuka. Mbele kasimama mwanamke ananizidi kimo, kavaa joho jeusi.

"Asalaam aleikum, mwalimu," nikamwambia. "Rukia yuko wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mwalimu gani, wewe!" Seif akapiga kelele, anafuta machozi. "Huyo ndiye Rukia! Kamaliza chuo kikuu!"

Wiki yangu ijayo ilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipokuwa mdogo, nikisubiri viatu vya Idi, siku saba zilikuwa haziishi; siku hizi mwaka unapita chai haijapoa.

Rukia (Kiswahili anakielewa, lakini hujibu kwa Kiingereza) akainama, akapiga kengele mara moja, akanambia kwa Kiswahili safi: "Ami, wiki ijayo imefika?"

Watu wakacheka tena. Seif safari hii hakucheka. "Alikuwa akikaa dirishani huyu, anakungoja," akaninong'oneza. "Jumamosi baada ya Jumamosi."

Wakati wa kuagana Rukia akaniuliza nitakwenda lini kwao. Mdomo ulishajipanga kusema yale yale, nikauuma.

"Kesho."

"Kesho ipi? Yako au yetu?"

Nikasema saa kumi. Saa tisa na nusu nilikuwa mlangoni kwao nagonga, na tangu siku ile simwahidi mtu kitu mpaka niwe nimeshavaa viatu.