Ukuta wa Chupa

Watoto walimwita Mama Chupa, naye hakuliona jina hilo kuwa tusi. Walikuwepo walimu wenye majina mabaya zaidi, na baadhi waliyastahili. Alikuwa amefundisha sayansi katika shule ileile tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote, na muda wote huo aliamini kwamba mtoto hafundishwi mazingira kwa kuchorewa mti ubaoni. Mti wa chaki hauna kivuli.

Nyumbani imani hiyo ilichukua nafasi. Chini ya kitanda palikuwa na vifuniko vya kuhesabia, juu ya kabati maboksi yaliyogeuzwa milima, na ndani ya beseni la kufulia mboji ya majaribio, ambayo hadi hapo ilikuwa imejaribu subira ya mumewe tu. Mumewe, seremala, aliwahi kuwaambia wageni kwamba mkewe hatupi kitu, na kwamba hata yeye anaishi humo kwa kanuni hiyohiyo.

Alichotaka ni chumba cha kuweka vifaa vyake. Kilikuwepo kimoja nyuma ya ofisi, kimejaa madawati mabovu hadi darini. Alipokiomba, mwalimu mkuu alimsikiliza akiwa ameegemeza kiti ukutani, si kwa maringo bali kwa kuwa kilikuwa na miguu mitatu, na kila mara alikubali kimsingi. Kisha ikasikika kwamba mkaguzi anazunguka akitazama vifaa vya kufundishia mazingira. Mwalimu mkuu akagundua kwamba alikuwa mpenzi wa mazingira tangu utotoni. Madawati yakatolewa, yakarundikwa uani chini ya turubai. Mkaguzi akiridhika, chumba ni cha Mama Chupa. Asiporidhika, madawati yanarudi.

Mama Chupa aliamua kujenga ndani yake ukuta wa chupa za plastiki zilizoshindiliwa mchanga, watoto waone taka zinavyogeuka tofali. Tatizo likawa taka. Alikuwa amefundisha vizuri mno; uwanja ulikuwa mweupe, na hata mtaro wa nyuma haukuwa na la kuokota. Basi akafanya kama walivyofanya walimu wote wa shule ile kinapopungua kitu, kiwe ufagio au ndoo: akaagiza kila mtoto alete kutoka kwao. Aliyekuja mikono mitupu alirudishwa nyumbani kukifuata. Kitu kinatoka wapi, halikuwa swali la shule.

Chupa zilikuja kama mafuriko, safi, zinang'aa, karatasi zake hazijapauka. Mama Chupa aliwasifu watoto kwa kuziosha.

Mkaguzi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kutembelea kweli, alisimama mbele ya ukuta kwa muda huku mwalimu mkuu akimweleza jinsi wazo lilivyomjia. Alipapasa chupa moja, akamgeukia binti wa darasa la tano na kumwuliza waliziokota wapi.

"Hatukuokota, mama. Tulinunua."

"Mlinunua taka?"

"Tulinunua soda. Tukanywa asubuhi na jioni. Babu hapendi soda, lakini aliambiwa avumilie, ni ya shule."

Wenzake, walipoona swali lenyewe ni jepesi, wakanyoosha mikono. Nyumbani kwa mmoja wao walimwaga tu, maana matumbo yalikuwa yamejaa. Mwalimu mkuu alikohoa, ila kikohozi hakikutosha.

"Mwalimu," mkaguzi alisema, "ulijua?"

"Sikujua. Sikuuliza."

Mkaguzi aliondoka na adabu zake zote. Ukuta ukabomolewa, chupa zikatupwa uani, na madawati yakaanza kurudi. Mwalimu mkuu alimpa pole, akamshauri siku nyingine awafundishe watoto kujibu.

Mama Chupa alisimama mlangoni kuyapisha madawati. Dawati lilipita lisilo na mguu. Lililofuata lilikuwa na miguu yote, halina ubao wa kukalia. Lililofuata lilikosa misumari tu. Alikuwa ameolewa na seremala tangu kabla watoto wake hawajazaliwa, na alikuwa ameomba mara nyingi taka hizi ziondolewe ili apate pa kufundishia habari za taka.

Jioni alimwomba mumewe nyundo na msumeno. Mumewe alitaka kwanza beseni lake. Wakaelewana.

Tangu hapo somo la mazingira lilifanyika katikati ya madawati, kwa vidole vilivyogongwa na lawama nyingi kwa misumari. Hakuna aliyeagizwa kuleta kitu. Dawati lililopona lilirudi darasani, ambako watoto walikuwa wakibanana, na chumba kikawa kitupu kidogokidogo bila mtu kukitazama.

Mwalimu mkuu alikitazama siku alipotafuta pa kuzificha chupa, zilizokuwa zikimwaibisha mbele ya wageni. Akamkuta Mama Chupa amekaa juu ya dawati la mwisho, akilitikisa aone kama linayumba. Mwalimu mkuu alisema chumba kitupu ni hasara, chupa zingefaa humu.

"Ziingie, mkuu," alisema. "Ila madawati yamekwisha, na watoto wana somo kesho. Tuletee kile kiti chako."

Mwalimu mkuu alikubali kimsingi. Asubuhi kiti kilikuwa mlangoni, kimeegemezwa, na ufunguo wa chumba umening'inizwa mgongoni pake.