Plagi Imeingia

Nywele zikiungua zina harufu yake, na zikiwa zimepakwa mafuta harufu hiyo inakaba koo. Nikiisikia mahali popote, hata leo na utu uzima huu, damu inanichemka. Wengine wakikumbuka utoto wao wa Mwanza husimulia upepo wa ziwa na sangara wa kukaanga. Hao sangara nami niliwala. Lakini mwaka niliokuwa kidato cha pili, pale Pasiansi, ninaukumbuka kwa harufu hiyo, na sitaupaka sukari ili mtu apendezwe.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mama kilipunguza watu, naye akatoka na kiinua mgongo kidogo. Madukani vitu vilikuwa vimejaa ghafla, redio, pasi, majokofu, vingi vya mtumba kutoka ng'ambo, na sisi tuliozoea rafu tupu tulivitolea macho. Mama akanunua draya ya saluni, ile ya kofia kubwa inayofunika kichwa kizima. Hakubakiwa na kitu kingine, na baba alikuwa ameshafariki. Chumba cha mbele akakipaka rangi ya waridi, akatundika kioo, na majirani wakaanza kuulizia siku ya kufungua.

Draya ilikuja na plagi ya pini mbili bapa, isiyoingia kwenye soketi zetu. Mama akamwita Fundi Maduhu, mzee aliyefunga umeme nusu ya mtaa wetu, ambaye sisi watoto tulimwamkia shikamoo tangu mbali. Akaikata ile plagi kwa koleo, akafunga ya pini tatu, akaichomeka. "Imeingia, Mama Kabula. Sasa ni ya kwako," akasema. Huo ndio uliokuwa ufundi wa miaka ile: kitu kikiingia kwenye soketi, basi ni cha hapa. Alipowasha, fyuzi ikakatika papo hapo.

Alipokuwa akipekua mkoba wake kutafuta waya, niliinama nyuma ya draya nikasoma kibati. Volti 100, ampea 8. Wiki hiyohiyo mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha hesabu hizo, kwa hiyo nikachukua daftari nikakaa mlangoni. Volti 100 gawanya kwa ampea 8, ukinzani ni omu 12.5. Waya wa ndani haujui kama umehamia Mwanza, ukinzani wake ni uleule. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya kwa 12.5, unapata ampea 18.4, na fyuzi yetu ilikuwa ya 15. Ilikatika kwa haki yake. Nikaja kwenye nguvu. Mtengenezaji alikusudia volti 100 mara ampea 8, yaani wati 800. Sisi tulikuwa tunaisukumia volti 230 mara ampea 18.4, wati 4,232, zaidi ya mara tano. Nilirudia hesabu nikiomba niwe nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Kwetu mtoto hamsahihishi mkubwa mbele ya watu, kwa hiyo nilimwita mama jikoni. Lakini mambo yale nilifundishwa kwa Kiingereza, na nilipotaka kuyasema kwa lugha ya nyumbani maneno yalinikimbia. "Mama, humo ndani kuna waya unaoubishia umeme," nilisema. "Umezoea umeme mdogo. Huu wetu ni mkubwa mara mbili na zaidi. Utaunguza." Mama alilitazama daftari kwa muda, na niliona usoni kwamba ameniamini. Kisha, kwa adabu zake, badala ya kwenda kuchomoa plagi, akampelekea fundi daftari.

Fundi Maduhu hakulisoma. Alicheka. "Hizi ni hesabu za shule, Mama Kabula. Mimi nafunga umeme tangu huyu hajazaliwa. Binti, nenda kaoshe vyombo." Nikaenda. Hilo ndilo linalonikera hadi leo, kwamba nilikwenda, nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Akaiziba fyuzi kwa waya mnene wa shaba, usiokatika kwa lolote. Mama akasema hawezi kumwekea mteja kitu ambacho hajakijaribu mwenyewe. Akapaka mafuta, akafunga rola, akakaa chini ya kofia. Nilisikia feni ikilia kwa sauti kali, halafu mama akaita. Hakumwita fundi aliyesimama pembeni yake, aliniita mimi. Nilikimbia nikachomoa plagi, nayo ilikuwa imeshalainika kwa moto. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimeungua hadi kwenye ngozi. Fundi Maduhu akasema ni bahati mbaya, akakusanya koleo zake akaondoka. Bahati gani, wakati jibu lilikuwa mkononi mwake, limepigiwa mstari?

Saluni haikufunguliwa. Nani angempa kichwa chake msusi aliyeunguza cha kwake? Mama akaenda kuuza dagaa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kitambaa kichwani kila siku, na nywele za upande ule hazikuota tena. Hakuwahi kunilaumu. Siku moja tu, tukianika dagaa, aliniuliza, "Ile hesabu, ulikuwa na uhakika nayo?" Nikasema ndiyo. Akageuza dagaa kidogo. "Basi ungepiga kelele, mwanangu."

Siku hizi nina duka la vifaa vya umeme Buzuruga. Vitu vimeongezeka, vibati vimeandikwa vizuri, na watu bado wanaangalia plagi tu. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja na blenda aliyotumiwa na nduguye kutoka ng'ambo, ana haraka, anataka nimkatie plagi nimfungie nyingine. Binti yake, aliyevaa sare za shule, akaigeuza blenda, akasoma chini yake, akafungua mdomo. "Nyamaza, wakubwa wanaongea," baba akamwambia.

Niliweka koleo mezani. Nilimwambia yule baba, mbele ya wateja wote, anyamaze yeye. Kisha nikamsukumia binti karatasi na kalamu, nikamwambia aipige hiyo hesabu kwa sauti, tena kubwa.