Mchanga Mwekundu wa Daraja

Mume wangu alikuwa fundi mkuu wa daraja la zege lililojengwa karibu na boma la mawe, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Boma lile waliliacha Wajerumani, na mawe yake yalikuwa mekundu kama kutu. Mwingereza msimamizi wa barabara alitaka daraja la tao ambalo halitalitia aibu boma. Mume wangu akamwahidi zege jekundu. Alipenda sifa yule, sitaficha.

Sisi wanawake ndio tuliobeba mchanga kutoka korongoni. Ulikuwa mwekundu kwa sababu ya udongo, na udongo hudhoofisha zege; hilo alinifundisha mwenyewe. Basi nikawa nauosha. Akaja mbio.

"Mama, unaniharibia rangi! Suuza kidogo tu."

"Na nguvu je, baba?"

"Saruji nimeongeza. Nenda kapike."

Eti kapike! Nilikasirika, lakini hofu ilizidi hasira. Mafundi wale walikuwa na desturi yao: mzigo wa kwanza unapovuka, fundi mkuu husimama chini ya daraja. Asiyesimama, nani atampa kazi tena? Zege lilipomwagwa, kila jioni nilikuwa nakwenda kukwaruza ukingo wa daraja kwa ukucha, nione kama unatoa unga. Mara nauona mgumu, mara nahisi umelegea. Nilikuwa naogopa hata kidole changu mwenyewe.

Mbao zilizoshikilia zege zilipoondolewa, nilikubali kwamba lilipendeza. Tao na boma ungedhani vimejengwa siku moja. Lori lililojaa kokoto likanguruma ng'ambo, naye akashuka korongoni, akasimama chini ya tao, mikono kiunoni, akitaniana na wenzake waliokuwa ukingoni.

Nilishindwa kuvumilia. Nikashuka na mwanangu mgongoni, nikasimama kando yake.

"Kama ni salama kwako, ni salama kwetu," nikamwambia.

Kicheko kikamkatika. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshaingia darajani. Alinikamata mkono, akanisukuma nje hadi nikapiga magoti mchangani, kisha akarudi mbio mahali pake.

Lori likapita salama. Daraja lipo hadi leo, na wageni hulisifia rangi. Mume wangu alizeeka akiwasimulia jinsi alivyosimama pale bila wasiwasi hata chembe. Mimi nilikuwa nawamiminia chai. Uso wake aliponisukuma niliuona mimi peke yangu.