Jina Kwenye Mtutu

Bibi Thora Lindgaard alikuwa na vitu viwili asivyomruhusu mtu kuvigusa: birika la kahawa lililokaa jikoni kwake, na jina la marehemu mumewe. La birika watu wa Bonde la Teller walilielewa upesi. La jina iliwachukua muda.

Mumewe, Sigvard, alikuwa fundi wa bunduki, na katika bonde lile la Idaho, ambako mtoto hujua mlio wa bunduki ya jirani kama anavyojua kikohozi cha babu yake, fundi wa bunduki si mtu mdogo. Sigvard alinunua kwa magunia maganda ya risasi yaliyobaki vitani, shaba iliyokwisha kutumika, akayapa maisha mengine. Alizilegeza shingo zake kwenye moto, akayasukuma ndani ya kalibu, kisha akayafyatua na baruti kidogo katika bunduki aliyoichonga mwenyewe chumba, lile tundu la kukalia risasi. Ganda likatoka limevimba likajaa umbo jipya: kiuno kimenyooka, bega limesimama kama la askari. Ndani likachukua baruti zaidi ya lile la dukani, na kulungu wa ng'ambo ya bonde, ambaye zamani alikuwa akiwatazama wawindaji kwa dharau, akaanza kujificha.

Kazi hiyo ilifanyika mezani jikoni, majira ya theluji. Upande mmoja Thora akisahihisha insha za wanafunzi, upande wa pili Sigvard na taa yake ya moto. Zamu ya kulegeza shaba mara nyingi ilikuwa ya Thora. Alishika ganda kwa kitako, shingo ikaelekea kwenye moto, na joto lilipofika vidoleni alilitupa majini. "Likikuuma, limeiva," Sigvard alipenda kusema. Miaka mingi baadaye ncha za vidole vya mwalimu yule zilikuwa ngumu kama za mkulima, naye hakuzionea haya.

Sigvard alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu, Thora alimuuzia Delmer Haskew mashine ya kukerezea, kalibu, na ile kekee ya kuchongea chumba. Delmer alikuwa amefanya kazi chini ya Sigvard tangu ndevu zake hazijaota. Thora aliona vyombo vimebaki nyumbani. Kumbe jina halikubaki.

Jina jipya alilisikia kwanza posta. Mtu mmoja alikuwa akijisifu kwamba ameangusha kulungu kwa Haskew. Thora akadhani amesikia vibaya. Halafu akalisikia kwa muuza mbegu, halafu kanisani, mlangoni, kabla hata kengele haijanyamaza. Haskew. Si Delmer Haskew mtu, bali Haskew risasi. Maana huo ndio ulikuwa mtindo wa mafundi wenyewe: mtu akilipa ganda umbo jipya, ganda huchukua jina lake, kama mtoto anavyochukua la baba. Na mtoto huyu, kwa hesabu ya Thora, alikuwa na baba mwingine, naye amelala makaburini.

Wivu una njia zake. Ulianza kumwamsha kabla ya majogoo. Ukamfanya avuke barabara asipite mbele ya karakana ya Delmer. Akafikia hatua ya kuichukia hata herufi H, naye ni mwanamke aliyefundisha herufi zote bila upendeleo.

Jambo lilifika kileleni kwenye chakula cha pamoja cha mavuno, ukumbini. Nadine, mke wa Delmer, aliingia na koti jipya jekundu na bakuli la viazi vya jibini, akaliweka bakuli katikati ya meza, akisogeza pembeni pai ya tufaha ya Thora kana kwamba anasogeza kiti cha mtoto.

"Mwalimu, umepata habari?" alisema, kwa sauti iliyofika hadi jikoni. "Kuna bwana katoka Boise na gari lake, kaja kutaka Haskew. Boise kote huko, kakosa fundi!"

"Haskew ipi?" Thora aliuliza, akikata pai yake. "Mimi namjua Delmer Haskew. Nilimfundisha kusoma. Herufi S alikuwa akiiandika kinyume."

Wanawake wakacheka. Nadine naye akacheka, ila meno tu.

"Siku hizi anaiandika sawasawa, Mwalimu. Tena juu ya chuma."

"Kuandika jina lako kwenye kazi ya mwenzio, Nadine mwanangu, hata kasuku angeweza, angekuwa na nyundo."

"Ehee! Basi tuonyeshe la mwenzie." Nadine alijishika kiuno. "La mzee Sig, Mungu amrehemu, liko kwenye mtutu gani? Mimi macho yangu mazima, sijaliona popote."

Thora akaweka kisu chini. Ilikuwa kweli. Sigvard hakuwahi kupiga jina lake kwenye mtutu wowote. Alisema kazi inajitambulisha yenyewe, na mkewe aliusifu unyenyekevu huo kwa kila mtu. Sasa unyenyekevu ule ulimkwama kooni kama mfupa, na viazi vya Nadine, alivyolazimika kuvionja kwa adabu, vilikuwa vitamu. Hilo nalo lilimuudhi.

Aliporudi nyumbani alishusha kabatini kopo la kahawa. Ndani yake mlikuwa na maganda ya mwisho aliyoyaunda Sigvard, yamefyatuliwa katika bunduki yake mwenyewe. Thora akayamimina mezani, akaona njia. Ganda halijui kusema uongo. Likishafyatuliwa limechukua umbo la chumba kilichochongwa kwa kekee ile, na litaingia katika chumba chochote ambacho kekee ile imechonga. Atalitia ganda la mumewe kwenye hiyo bunduki inayoitwa Haskew, mbele ya watu. Komeo la bunduki likifunga, bonde zima litajua baba wa mtoto ni nani.

Siku ya kujaribu shabaha kabla ya msimu wa uwindaji, wanaume walikusanyika kwenye machimbo ya kokoto, wamelala juu ya magunia, wake zao wakigawa kahawa na maandazi ya mdalasini. Thora alifika amevaa kofia ya kanisani. Mazungumzo yakapungua yenyewe.

"Delmer," alisema, "nipe bunduki yako. Tupu."

Delmer, jitu la mabega mapana, akainuka haraka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akavuta komeo, akaonyesha kwamba hamna kitu, akampa. Thora akatoa ganda mkobani, akaliinua ili watu walione.

"Hili kaliunda Sigvard kwa mkono wake. Tazameni vizuri."

Akalitia chumbani. Akasukuma komeo. Komeo likaenda, likaenda, likasimama. Akalishindilia. Halikushuka. Akatoa ganda, akatia lingine. Komeo likasimama palepale.

"Mwalimu," Nadine alisema kutoka kwenye birika, "naona mlango umemkataa mgeni!"

Kicheko kikapasuka machimboni kote. Thora alihisi damu imempanda hadi kwenye ukingo wa kofia.

"Nadine, nyamaza," alisema Delmer. Haikuwa kawaida yake, na mkewe kweli akanyamaza. Delmer akachukua risasi ya dukani, mpya, akaitia katika bunduki ileile. Komeo likafunga kwa ulaini. Akaitoa tena, akaiweka mfukoni.

"Bega nimelirudisha nyuma, Mwalimu. Unene wa kucha tu. Ya mzee ilikuwa tamu zaidi, lakini ilitaka mtu kama mzee. Ulikuwa huwezi kutia risasi ya dukani mle. Inapwaya mbele, inakatikia kitakoni, moto unarudi kwako. Yangu inaipokea ya dukani, ukifyatua ganda linatoka limeshajiunda."

"Mumewe wangu alimwambia kila mtu asitie ya dukani."

Katika hasira yake ulimi ulimteleza, mwalimu wa lugha, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

"Aliniambia," akasema Clyde Obermann. Clyde alikuwa mkulima wa viazi, na upande wa kushoto hakuwa na nyusi. "Ila ile bunduki ilikaa na zangu nyingine, zote zinafanana, mtutu mweupe, haukuandikwa hata nukta. Asubuhi moja nikachanganya. Simlaumu Sig. Nyusi moja inanitosha, hata kunyoa ni rahisi."

Watu wakacheka tena, kwa upole safari hii. Thora hakucheka. Aliikumbuka siku ile. Sigvard alirudi nyumbani akakaa mezani hakula, na yeye Thora akazunguka bonde zima akieleza kwamba kosa ni la Clyde. Na lilikuwa la Clyde. Ila kosa la mtutu mweupe halikuwa la Clyde.

"Sasa ningepiga jina la mzee kwenye hizi zangu," Delmer akaendelea, akitazama buti zake, "mtu angesikia Lindgaard na Lindgaard, akadhani ni kitu kimoja. Angekufa mtu. Halafu waseme Lindgaard imeua. Nikaona bora nipige langu. Likitokea la kutokea, watukanwe kina Haskew. Tumeshazoea."

"Nani kazoea?" alisema Nadine.

"Na kekee ya Sigvard?" Thora aliuliza.

"Ipo. Nimeifunga kwa kitambaa, imelala kwenye mafuta. Sijachongea hata chumba kimoja."

Thora alirudisha maganda mkobani, moja moja. Alikuwa amekuja kumkamata mwizi. Mwizi angemfaa, mtu huweza kumchukia mwizi akalala vizuri. Huyu hakuwa mwizi. Alikuwa na kitu chake, chenye jina lake, na kitu hicho kitaenea hadi Boise na kupita, kwa sababu kinamvumilia mtu mzembe, na wazembe ni wengi kuliko kina Sigvard. Wivu haukumtoka. Ulihama kiti tu.

Jumatatu aliingia karakanani akiwa na bunduki ya Sigvard, ile ya kwanza kabisa, mtutu wake mweupe kama ulivyozaliwa.

"Nipe herufi zako za chuma, na nyundo."

"Nikupigie, Mwalimu? Chuma hakina kifutio."

"Kaa pale."

Delmer akaubana mtutu mezani, akarudi nyuma. Thora akashika herufi ya kwanza kwa vidole vyake vigumu, akapiga pigo moja. L. Akaendelea, taratibu, mwandiko wa ubaoni: I, N, D, G. Mlango ukafunguka, Nadine akaingia na koti lake jekundu na sahani ya pai. Alisimama nyuma ya Thora akitazama A ya kwanza, A ya pili, R. Thora alipoinua nyundo kwa mara ya mwisho, Nadine akashindwa kujizuia.

"Majina mengine marefu jamani! La kwetu herufi sita tu, limekwisha."

Nyundo ikashuka. D ya mwisho ikatoka imeinama kama mlevi aliyeegemea ukuta.

Delmer akafumba macho. Nadine akasogea, akainamisha kichwa, akaitazama.

"Imekaa upande, Mwalimu."

Thora akapuliza vumbi la chuma, akapitisha kidole juu ya jina lote, kutoka mwanzo hadi kwenye ile D.

"Ikae upande, Nadine," alisema. "Imekaa."