Mama Alipomsindikiza Mkaguzi

Nilirudi kutoka kazini mgongo ukiwa umekufa ganzi kwa foleni ya barabara kuu namba 270, nikamkuta mama sebuleni anacheka peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgeni wa serikali amekuja, ameshaondoka. Binti ana adabu sana. Nimempa chai, nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake."

"Mpaka wapi?"

"Kwenye gari. Ulitaka nimwache mlangoni kama mwizi?"

Mke wangu, Mkenya na muuguzi, alikuwa anavua viatu nyuma yangu. Alibaki ameduwaa na kiatu kimoja mkononi. "Mum, huyo hakuwa mgeni. Huyo alikuja kuangalia kama unaweza kutembea."

"Basi ameona," mama akajibu kwa fahari. "Tena hakuamini macho yake."

Mama alikuwa amepata kiharusi miezi michache kabla ya hapo, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukiburuzwa kama si wake. Bima ya serikali kwa wazee, ambayo aliichangia miaka yote aliyopika katika jiko la nyumba ya kulelea wazee kule Beltsville, ilimlipia mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kwetu Gaithersburg, mwendo mfupi wa gari kutoka Ikulu ya huku ugenini. Sharti lake lilikuwa moja: mgonjwa awe mtu ambaye kutoka nje kwake ni taabu kubwa. Bila mtaalamu yule mguu ungekakamaa, na mama angekuwa mtu wa kubebwa kwenye ngazi za nyumba yetu, chini asubuhi, juu jioni, hadi mwisho wa maisha yake.

Siku chache baadaye nilipigiwa simu kuambiwa kwamba huduma imesitishwa. Nilimtaka aliyepiga anisomee sababu. Akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni, kwamba mteja alisimama mwenyewe, akaandaa kinywaji, akatembea hadi maegesho ya magari bila msaada, akitabasamu. Hata tabasamu lake walilihesabu dhidi yake.

Nimesomea utawala wa umma, na nimelipa gharama ya kukijua ninachokijua. Ninajua kwamba Bunge hutunga sheria ya bima ile, na kwamba sheria huacha nafasi wazi nyingi, nazo hujazwa na watu walioteuliwa na Rais na wanaosikiliza anachotaka. Nani aitwe mgonjwa wa kutosha. Nani amkague. Mkaguzi asifiwe kwa kuona nini. Rais hahitaji kumjua mama yangu ili amwondolee mtaalamu wake. Anachohitaji ni kusema mara nyingi, mbele ya kamera, kwamba wazee na madaktari wao wanadanganya. Maneno hayo hushuka ngazi kwa ngazi, yakibadilika kuwa waraka, kisha mwongozo, kisha binti mwenye adabu anayekunywa chai yetu huku akitazama miguu ya mama. Katika mnyororo huo wote sikumpata mtu wa kumkasirikia uso kwa uso, na hilo lilinikasirisha kuliko lolote.

Mama alikuwa na dawa yake. "Mwone Rais."

"Mama, haiwezekani."

"Kwa nini? Si jirani yenu? Kwetu mtu anasimama barabarani na bango lake, msafara unasimama, Rais anamwita mkuu wa wilaya pale pale: huyu mama amekosa nini? Mambo yanaisha. Wewe na digrii zako unashindwa kushika bango?"

"Mkishika bango pale, Mum," mke wangu akadakia, "mimi ndiye nitakuja kuwaletea chakula jela, wewe na yeye."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka kwa hasira. Sijawahi kuyapenda mamlaka ya namna ile ya kwetu. Haki ya mtu haipaswi kutegemea upande wa barabara aliosimama. Hata hivyo niliona kwamba nimevuka bahari nikakuta mkono uleule wa mtu mmoja, tofauti ikiwa kwamba wa huku hausimamishi gari.

Tukakata rufaa. Ilisikilizwa kwa simu, na mama alipewa mkalimani, kijana ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Kongo. Nilikaa kando ya mama kitandani, simu ikiwa katikati yetu. Kijana alimwamkia kwa heshima zote, kisha akatafsiri swali la afisa aliyesikiliza rufaa.

"Mama, unisamehe. Banauliza kama unaweza kujioshea mwili wewe mwenyewe."

Mama alinitazama. Miezi yote ile mke wangu ndiye aliyemwogesha, na hatukuwahi kulitaja jambo hilo, yeye na mimi, hata kwa fumbo. Niliinuka nitoke. Akanishika mkono.

"Mwambie siwezi," alisema kwenye simu. "Na mwambie hivi pia. Yule binti ameandika nilivyokwenda kwenye gari. Hajaandika nilivyorudi, kwa sababu alishaondoka. Sikurudi. Nilikaa chini ukingoni mwa barabara, mguu umekataa. Nikajikojolea. Mpeleka barua ndiye aliyeniinua akaniingiza ndani. Nikabadilisha nguo kabla mwanangu hajafika."

Mkalimani alitafsiri polepole. Lile la kujikojolea alilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunika kitu. Upande wa pili nilisikia vidole vikigonga kibodi.

Tulishinda. Mtaalamu alirudi, kwa muda, hadi ukaguzi mwingine. Mke wangu alipiga vigelegele jikoni, majirani wakachungulia dirishani. Nami nilitaka kufurahi, kwa kuwa mguu ule ndio tuliokuwa tukiupigania. Lakini nilichokiona ni serikali iliyomlazimisha mwanamke wa umri ule kujivua nguo mbele ya mwanawe ili aaminiwe, na ikaandika kwamba huo ni utaratibu.

Mama alipokea habari akiwa amekaa, mguu juu ya mto. Alishukuru Mungu, akaomba chai. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Wakija kukagua tena, wewe usiwepo nyumbani."