Utafiti wa wazee Kebirigo: tulivyomtafuta mtu ambaye hakuzaliwa

Wakuu, nawasalimu. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na sitaongeza chumvi kwa sababu ilishakuwa nyingi tangu mwanzo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko tu nyumbani nachuma chai. Nikapata kibarua cha kuhoji wazee upande wa Kebirigo. Supavaiza wetu alikuwa Bwana Salim, mtu wa Mombasa, mpole, viatu vinang'aa hata kwenye matope yetu. Kigusii hakujua, kwa hiyo mimi nilikuwa natafsiri.

Data ilipangwa hivi. Kila boma lina faili tatu. Moja ya nyumba: paa, maji, shamba. Moja ya watu, kila mtu na mstari na namba yake. Ya mwisho ni ya mzee mwenyewe: afya yake, nani anampikia. Namba ya boma ndiyo inashika zote pamoja.

Na ukiandika mkaza mwana, lazima uonyeshe namba ya mumewe. Bila hiyo makao makuu wanarudisha faili yote.

Tukafika kwa Bosibori, magokoro, yaani nyanya kwa Kigusii. Mjane, hakujaliwa mtoto. Aliishi na mkaza mwana wake Moraa na watoto wa Moraa.

"Mume wa Moraa ni nani?" Bwana Salim akauliza.

"Mwanangu," akasema magokoro.

"Yuko wapi?"

"Hakuzaliwa."

Nikatafsiri. Bwana Salim akaniambia nitafsiri tena, vizuri.

Kwa wasiojua: kwetu mama asiye na mwana aliweza kutoa ng'ombe, akaoa msichana kwa niaba ya mwana ambaye hayupo. Msichana akizaa na mwanamume mwingine, watoto ni wa nyumba hiyo, na wanarithi. Ni ndoa kamili, watu wamekula na kushiba.

Mara mtoto akaja mbio akimwita Moraa "baba". Kigusii, baba ni mama. Bwana Salim alimtazama Moraa, akaitazama fomu, akaomba kigoda.

Alipopumzika akapendekeza tuandike Moraa ni mtumishi.

Sasa, shemeji ya magokoro, Mzee Nyakundi, alikuwa amesimama uani tangu tufike. Mashamba yalikuwa yanapimwa wakati huo, na yeye alidai nyumba ya ndugu yake imekufa, shamba lirudi kwake. Aliposikia "mtumishi" akatabasamu.

"Andikeni," akasema. "Hata serikali imeona."

Moraa aliacha kumenya ndizi.

"Basi tumwandike huyo mume ni marehemu," Bwana Salim akajaribu.

"Mtu hafi kabla hajazaliwa," magokoro akajibu. Hakupaza sauti. "Nilitoa ng'ombe kwa ajili yake. Mwandikeni."

Bwana Salim akafikiri sana. Kisha akaandika mstari wa pili: mwana, mume wa Moraa, umri haujulikani, hayupo nyumbani kwa sasa. Akasoma kwa sauti, polepole, akimtazama Nyakundi. Nyakundi akaondoka bila kuaga.

Makao makuu walipokea faili bila swali.

Shida ilikuja awamu ya pili. Tulirudishwa na maagizo: mwana huyu hakuhojiwa, apatikane, aulizwe kwa nini hamtunzi mama yake.

Magokoro alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akasema:

"Mkimpata kabla yangu, mwambieni watoto wake wanasoma."

Bwana Salim akaandika: mama hana malalamiko.

Shamba lilibaki kwa watoto wa Moraa. Si kwa sababu ya faili zetu. Wazee wa ukoo walikumbuka wale ng'ombe wakasimama wakasema.

Nilichojifunza: kabla hujawapanga watu kwenye mistari yako, waulize wao wanahesabiana vipi.

Wenye kazi za data humu, mtu kama yule mngemweka wapi? Na waliowahi kuhesabu watu vijijini, leteni yenu tusome.